Marehemu Anakusalimu

6 Februari

Dada,

Natumaini u mzima, wewe na shemeji na mtoto, na mama mkwe wako na magoti yake. Sisi tunasukuma siku. Joto ni kali, na joto likiwa kali majokofu ya watu hufa, na yakifa ndipo mimi nakula. Mke wangu anakusalimu. Tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni. Tunategemea mwezi wa tano.

Nimeandika kwa anwani ya shule kama ulivyoagiza, ingawa sielewi kwa nini ndugu wa tumbo moja aandikiwe ofisini kama muuza chaki.

Habari ya Mama sitaizungusha. Ameirudia pombe. Anaamka na kichupa, analala na kichupa. Nimevikuta kwenye debe la mchele, na kwenye mkoba wake wa zamani wa kazi, mle alimokuwa akiweka mkasi na uzi wa kitovu. Juzi pazia la jikoni liliungua kidogo, jirani akaona moshi akaenda kutusema. Kesho yake akaja afisa ustawi wa jamii, binti mmoja mpole mwenye viatu vya raba. Akamuuliza Mama anajisikiaje. Mama akamjibu, "Najisikia kuhojiwa na mtoto niliyempokea mwenyewe akizaliwa, akatoka na kichwa kama boga." Na ni kweli, Dada, yeye ndiye aliyemzalisha mama yake.

Binti hakukasirika. Anasema huenda Mama anaumwa sonona tangu alipostaafu ukunga, na pombe ndiyo dawa aliyojiandikia. Wanataka apimwe hospitali, halafu awe anahudhuria kikundi kila Jumatano. Pia amesema waziwazi kwamba hali ikiendelea hivi, mtoto wetu akizaliwa hatakiwi kulala nyumba moja na bibi yake. Wanaomba watoto wa Mama tukae nao mara moja. Tuko wawili tu. Njoo.

Mdogo wako


25 Februari

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Sisi ni wazima. Shemeji yako amepandishwa, sasa ni hakimu mfawidhi, na anatembea kama aliyemeza rula. Mtoto amekuwa wa pili darasani. Nimemuuliza wa kwanza ni nani na kwa nini. Mama mkwe magoti yanamsumbua, naye anatusumbua sisi.

Kwa hiyo ustawi wa jamii wameingia nyumbani kwetu. Wamekalia viti vya baba yangu. Hao watu huenda kwa watoto waliookotwa na kwa wanaume wanaopiga wake zao, wewe umewakaribisha, na bila shaka mkeo amewapa chai. Hongera.

Sonona! Siku hizi hata uvivu una jina la hospitali. Mimi nina walimu thelathini chini yangu, kila Jumatatu mmoja ana sonona na ikifika Ijumaa mchana amepona. Na hicho kikundi nimekielewa: walevi wanakaa duara wanasimuliana walivyolewa. Zamani tulikuwa tunaita kilabu. Tofauti ni kwamba kilabuni angalau kuna kinywaji.

Nitakwambia cha kufanya, kwa sababu hukuwahi kujua cha kufanya tangu utoto. Chumba cha nyuma kina komeo. Mfungie humo wiki mbili, uji na maji basi. Akipiga kelele, funga na dirisha. Atatoka mtu. Huyo binti wa raba mwambie asirudi.

Kuja siwezi. Tuna ukaguzi wa shule.

Dada yako


18 Machi

Dada,

Salamu zote unazijua, chukua unazotaka.

Nilikuandikia kwamba pazia liliungua kidogo. Nilikudanganya kwa sababu najua ulivyo. Jiko lote liliungua mpaka kenchi za paa. Mama alikuwa amelala sakafuni, na mke wangu, na tumbo lake lile, ndiye aliyemvuta kwa miguu mpaka uani.

Halafu ikafika barua yako, nami, kama ulivyosema, tangu utoto sijui cha kufanya, kwa hiyo nikafanya ulichosema. Nikamfungia. Siku ya kwanza alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Siku ya pili akaanza kutetemeka, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa ndoo. Akawa anaona wanawake ukutani. "Sukuma, mama, sukuma," anauambia ukuta, "kichwa nakiona." Jioni akakakamaa mwili mzima, macho yakageuka juu, akajing'ata ulimi. Sikungoja kutafuta ufunguo, nilivunja komeo kwa nyundo, nikamkimbiza hospitali.

Hospitali daktari akaniuliza, "Ni mpumbavu gani aliyekushauri umkatishe mlevi ghafla bila dawa? Angeweza kufa." Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Nimekusitiri, Dada. Sijui kwa nini.

Aliyekaa naye wodini nilipokuwa nikitafuta riziki ni binti wa raba. Alimchana nywele. Wamempunguzia kiu ya pombe pole pole kwa vidonge, ameacha kuzungumza na ukuta. Ameruhusiwa juzi, na Jumatano iliyopita amekwenda kikundini, chumba kimoja nyuma ya zahanati, viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Nilimsindikiza. Aliporudi nikamuuliza wenzake wakoje. Akasema, "Walevi watupu." Nikamwambia nawe je? Akasema, "Mimi ni mkunga."

Ukaguzi ulikwendaje?

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Ukaguzi ulikwenda vizuri, ahsante. Tumesifiwa usafi wa vyoo.

Nimesoma barua yako. Nilikuwa na vikao.

Natuma magauni mawili ya Mama na sabuni. Lile la bluu asilivae kwenda kwa hao watu wa viti vya plastiki. Mkeo asinyanyue vitu vizito.

Usimpe Mama anwani ya nyumba yetu mpya. Hatujamaliza kupanga vyombo.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Mwaka mzima mmekuwa mnapanga vyombo. Hiyo nyumba ni ghala?

Umekuwa shangazi. Ni msichana, ana sauti ya mnada. Alizaliwa mwisho wa mwezi wa tano, hospitali, Mama akiwa amesimama nje ya chumba cha uzazi akimsahihisha muuguzi kupitia dirishani. Binti wa raba alikuja kuangalia nyumba, akaangalia jiko jipya, akamwangalia Mama, akasema mtoto alale hapa. Mama akageukia dirisha. Nilidhani amekasirika, kumbe analia na hataki tumwone.

Sikudanganyi tena: mwezi wa nne alianguka mara moja. Tulimkuta kwenye benchi la kinyozi amelala mdomo wazi. Nilimwambia maneno mabaya. Kikundini hawakumwambia maneno mabaya, walimsogezea kiti. Nilichukia, nikaona wanamdekeza. Lakini Jumatano iliyofuata alikwenda mwenyewe bila kusindikizwa, na kwangu alikuwa hataki hata kula. Sasa anameza dawa zake za sonona asubuhi, anazilalamikia kwamba zinakausha mdomo, na amenenepa mashavu. Amewapa majina wenzake wote. Kuna dereva wa lori anayemwita Breki, na mwalimu mstaafu wa hesabu anayemwita Sifuri.

Sasa sikiliza. Anakuja kwako. Nilimkatalia, akaniambia yeye si jokofu langu. Anwani ameiona kwenye karatasi uliyofungia magauni. Anasafiri Jumamosi hii, amevaa lile la bluu. Anataka kukuonyesha tu kwamba amesimama. Mpokee. Huo ndio ujumbe wangu wote.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako imenifikia leo. Jumamosi imeshapita, lakini kama hajaondoka bado, MZUIE. Asije nyumbani. Kama ni lazima aje, aje shuleni, mlango wa nyuma, nitampa dakika kumi. Nani aliyemruhusu mtu wa hali ile kupanda basi peke yake? Ni huyo binti? Hao ndio wanaoharibu familia za watu halafu wanaandika ripoti.

Nijibu haraka.

Dada yako


5 Julai

Dada,

Sina salamu. Mama aliondoka siku ileile niliyoitaja na kurudi kesho yake, kabla wewe hujanyanyua kalamu kuandika "mzuie" kwa herufi kubwa.

Nakuandikia alivyonisimulia.

Alifika nyumba ya geti jeusi, akagonga. Wewe hukuwepo, ulikuwa shuleni na Jumamosi yote ile. Akafungua mama mkwe wako. Mama akasema amekuja kumwona mwalimu. Mama mkwe wako akamkaribisha ndani, akamkalisha, akamuuliza, "Unafahamiana naye vipi?"

Mama, unamjua, anapenda kuanza kwa mzaha. Akasema, "Nilikuwepo siku aliyozaliwa."

"Kumbe ulikuwa rafiki wa marehemu mama yake!"

Mama akasema, "Marehemu?"

"Ndiyo, yule mama yake mkunga. Au hukupata habari? Maskini! Presha, mwaka juzi. Mkwe wangu alilia siku tatu hakula. Sisi tulitaka kwenda msibani, akasema wamezika haraka."

Dada, nilimuuliza Mama, ukafanya nini? Akasema, "Nilikaa vizuri kwenye kiti. Nilitaka kusikia."

Kwa hiyo akasikia. Akasikia kwamba marehemu alikuwa mwanamke msafi, mcha Mungu, ambaye hakugusa hata soda. Kwamba alifundisha wakunga nusu ya nchi. Kwamba marehemu alikuwa na mtoto mwingine mmoja wa kiume ambaye ni bure tu, anagusagusa nyaya. Hiyo nimeipokea, ahsante. Mama akasema, "Watu wakifa husifiwa." Mama mkwe wako akasema, "La, huyu inaonekana alistahili." Akaletewa chai. Mwanao akapita na daftari, akaamkia, Mama akamshika mkono akamtazama kucha kama anavyotazama watoto, akamwachia. Mtoto akamuuliza, "Bibi, ulimjua bibi yangu aliyekufa?" Akasema, "Kidogo."

Akaaga. Mama mkwe wako akamsindikiza mpaka getini kwa magoti yale yale, akamwomba arudi kumtembelea kwa sababu nyumba ile haina mtu wa kuzungumza naye.

Kituo cha basi alinunua kichupa. Sitakuficha. Alipofika nyumbani alinikabidhi, kimefunguliwa, kimepungua funda moja au mawili. Akasema, "Mwaga. Maiti hanywi." Halafu akalala na gauni la bluu na viatu.

Nilidhani hatatoka kitandani tena. Jumatano akaamka, akaenda kikundini, akawasimulia yote. Breki alicheka mpaka kiti cha plastiki kikapasuka chini yake. Mama naye akacheka, wakacheka wote kama wendawazimu, halafu Mama akalia, na walevi wako wale wa kilabu wakamsubiri amalize. Hayo aliniambia binti wa raba. Tangu hapo hawamwiti Mkunga. Wanamwita Marehemu. "Marehemu, sogea tukae."

Nimefungua majokofu maisha yangu yote, Dada. Sijawahi kukuta baridi kama yako.

Marehemu anakusalimu.


2 Agosti

Mdogo wangu,

Umeandika vizuri. Ungesoma kwa bidii hiyo ungekuwa mtu.

Wewe unajua nini? Wewe ulibaki na debe lako la mchele. Mimi niliolewa huku mbali, bila hata mmoja wenu kuwepo, kwenye nyumba ambayo watu hupangusa miguu kabla ya kuuliza habari. Mwaka juzi Mama alipiga simu, akapokea shemeji yako, na Mama akamwimbia. Alimwimbia, unanisikia? Nikamwambia mume wangu ni namba imekosewa, ni mlevi fulani. Akacheka. Wiki iliyofuata akapiga tena. Nikabadilisha namba, na mama mkwe alipouliza mbona mama yako hatumsikii, neno likatoka. Likishatoka nitalirudishaje? Nikalia kweli. Hizo siku tatu hazikuwa za uongo.

Sasa ni hivi. Mama mkwe anamuulizia kila siku. "Yule mkunga wa gauni la bluu atarudi lini? Yule ndiye mtu." Anakataa kula mpaka nimtafute. Nimefikiri. Mama aje, akae hata wiki. Aje kama mama mdogo, ndugu wa marehemu. Wanafanana, hakuna atakayeshangaa. Atamwona mjukuu, atakula vizuri, na hakuna atakayeumia. Hiki ndicho ninachoweza. Mweleze taratibu.

Dada yako


16 Agosti

Dada,

Nilimweleza taratibu. Alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Hakuacha kumwogesha.

Akasema, "Kwa hiyo nimepanda cheo. Toka maiti mpaka ndugu wa maiti."

Nikamwambia, Mama, usiende. Akasema nisimpangie. Akamkausha mtoto, akampaka mafuta, akamvika, akanipa. Halafu ndipo akaniambia niandike hivi, na nimeandika neno kwa neno:

"Mwambie nilipolewa nilimwaibisha, hilo nalijua na kila Jumatano nalisema mbele ya Sifuri na Breki, watu ambao hata sikuwazaa. Lakini mimi sina mdogo wangu aliyezaliwa kwenye barua. Nikija nitakuja kama mama yake, au nibaki nimekufa. Kufa nimezoea, hakunisumbui. Na mama mkwe wake nampenda, asimwache na njaa."

Binti wa raba alikuwepo. Anasema wewe nawe unaweza kwenda kuzungumza na mtu, kuna ofisi kama yao huko kwenu. Nilimwambia asipoteze pumzi. Naandika tu ili usiseme sikukwambia.

Mdogo wako


29 Septemba

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Nilikwenda kwenye hiyo ofisi. Nilivaa miwani ya jua na kusema nimekuja kwa niaba ya mwalimu mmoja shuleni kwangu ambaye mama yake anakunywa. Mwanamke aliyekuwa mezani, mnene, anatafuna karanga, akaniambia, "Huyo mwalimu analala usiku?" Nikasema halali. Akasema, "Mwambie aanze na mtu mmoja." Huo ndio ushauri wa serikali. Mtu mmoja! Karanga zimemjaa mdomoni.

Nilianza na mume wangu, ndani ya gari, ili asipate pa kwenda. Alizima injini, akashuka, akazunguka gari, akarudi. Akaniuliza, "Ile namba iliyokosewa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilimcheka." Mpaka leo ananijibu kama shahidi.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Miaka miwili nakaa humu na mwongo, na mimi ndiye ninayeambiwa nasumbua." Hasemi nami. Anasema na mtoto ili nisikie.

Tutakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mama mkwe amelazimisha kuja. Usiandae kitu. Mkeo asijifanye kupika, nitaleta chakula.

Dada yako


14 Oktoba

Dada,

Natumaini mlifika salama, na kwamba mama mkwe wako ameshaanza kukusemesha, kwa sababu hapa alizungumza maneno ya mwaka mzima. Mtoto ana mafua kidogo. Mke wangu anasema ahsante kwa chakula, na kwamba chumvi haikutosha.

Uliondoka haraka, kwa hiyo kuna ambayo hukuyaona.

Tulikaa siku nzima tukikusubiri useme neno. Ulifika, ukasema "Shikamoo Mama" ukiangalia sakafu, ukaingia jikoni, ukasugua. Ulisugua masufuria safi. Ulisugua ukuta uliopakwa rangi mwezi wa tano. Shemeji alipiga magoti mbele ya Mama akaomba radhi kwa kucheka, yeye na suti yake, mpaka nikaona aibu mimi. Mama mkwe wako alimshika Mama mkono tangu alipoingia mpaka alipotoka. Mjukuu alimuuliza Mama kama kufa kunauma. Wewe ulisugua. Mke wangu alikuja kuninong'oneza, "Dada yako atatoboa sinki."

Ulipoaga ulimpa Mama mkono kama mnaokabidhiana shule, halafu ukaushikilia, hukuuachia, nikaona bega lako linaruka. Nikasema sasa. Sasa atasema. Ukasema, "Dawa unameza?" Mama akasema, "Nameza." Ukaingia garini.

Gari lilipopotea nilishindwa kujizuia. Nilisema maneno juu yako ambayo sitayaandika. Nikamwambia Mama, ametoka mbali kote huko, na hata msamaha hakuomba.

Mama alikuwa bado amesimama getini. Akasema, "Hakuomba."

"Na wewe unaona sawa?"

Akaniangalia kama ninavyoangaliwa tangu utoto, kama mtu wa kugusagusa nyaya.

"Angeomba ningeshtuka," akasema. "Ningedhani walinibadilishia mtoto hospitali. Yule ni wangu kabisa. Mwandikie aje tena mwezi ujao. Na umwambie sufuria kubwa hakulisugua vizuri."

Nimekuandikia.

Mdogo wako